Uvimbe wa ovari uliorudi kwenye wengu baada ya miaka 14: je, matundu madogo yanatosha?

Binti wa Nansio

Wakubwa wote shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Ninaandika kwa niaba ya mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 66, ambaye ameniruhusu kueleza habari zake hapa mradi nisitaje jina lake wala hospitali alizopitia.

Mwaka 2011, akiwa na miaka 52 na ameshakoma hedhi, mama alianza kutokwa damu ukeni. Alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo, akaondolewa kizazi pamoja na ovari zote mbili. Majibu ya maabara yalisema ni uvimbe wa seli za granulosa, na daktari wa wakati ule alitueleza kwamba hiyo ni aina adimu ya saratani ya ovari, inayokwenda polepole, na kwamba kwa mama ilikuwa imeishia ndani ya ovari moja, hivyo hakuhitaji tibakemikali. Kidonda chake kilipata usaha na kilichukua zaidi ya miezi miwili kupona. Alihudhuria kliniki kwa miaka mitano, kisha akaacha, kwa kuwa kila kipimo kilikuwa kizuri nasi sote tuliamini kwamba jambo lile limekwisha.

Miezi miwili iliyopita alianza kuhisi uzito chini ya mbavu za kushoto na kushiba upesi hata akila chakula kidogo. Ultrasaundi ilionyesha kitu ndani ya wengu, ambao wengine huuita bandama. Kipimo cha CT kikathibitisha uvimbe mmoja wa sentimita 5, wenye sehemu ngumu na sehemu zenye majimaji, bila kuonekana kitu kingine kwenye ini wala tumboni. Homoni iitwayo inhibini B, ambayo uvimbe wa aina hii huitoa, imepanda, na daktari anaamini kwamba ni ule ugonjwa wa 2011 uliorudi.

Hospitali ya kwanza imesema wengu uondolewe kwa kulipasua tumbo kama mwanzo. Ya pili imesema unaweza kuondolewa kwa matundu madogo yanayopitisha kamera na vifaa. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyemuuguza mama wakati wa kile kidonda, hataki hata kusikia habari ya mpasuo mwingine. Mjomba wetu naye anashikilia kwamba saratani haiondolewi kwa kuchungulia kwenye tundu, bali daktari anapaswa kuliona tumbo lote kwa macho yake. Mimi nimekaa katikati na sijui nisimame upande gani. Naomba wenye ujuzi au waliopitia jambo hili wanieleze: je, njia ya matundu ni salama kwa saratani iliyofika kwenye wengu, na tuulize nini kabla ya kukubali?

---

Mpasuaji wa Moshi

Marahaba binti, na pole kwa kumuuguza mama. Mimi ni daktari wa upasuaji wa jumla. Ninayoyaandika hapa hayawezi kuchukua nafasi ya daktari aliyemshika mama tumbo na kuziangalia picha zake, lakini yanaweza kukusaidia kumuuliza vizuri.

Nianze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu uamuzi wa kisu unatokana nao. Uvimbe wa seli za granulosa unajulikana kwa kurudi baada ya muda mrefu, na wapo wagonjwa walioandikwa katika majarida ambao ulirudi baada ya miaka 20 na zaidi. Kwa hiyo miaka 14 haishangazi, na kuacha kliniki si kosa la mama wala lenu. Vilevile uvimbe huu hauitikii tibakemikali kwa uhakika kama zinavyoitikia saratani za kawaida za ovari. Ndiyo maana unaporudi mahali pamoja panapofikika, upasuaji ndio hutangulia, na wapo wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa namna hii mara mbili au tatu katika maisha yao, na katikati wakaishi miaka mingi wakifanya kazi zao.

Saratani kusambaa kwenye wengu ni jambo adimu. Hilo ni la ajabu kidogo, kwa sababu wengu hupitiwa na damu nyingi kila dakika. Wataalamu wanataja sababu kadhaa: mshipa unaopeleka damu kwenye wengu hutoka kwa kona kali na umejipindapinda, wengu hauna mirija ya limfu inayoingia ndani yake, na ndani yake umejaa seli za kinga. Watafiti wa Hong Kong waliochapisha kazi yao mwaka 2000 walikusanya wagonjwa 92 tu katika kipindi cha miaka 25. Vyanzo vilivyoongoza vilikuwa saratani ya mapafu na ya mfuko wa chakula, na kwa wengi wa wagonjwa hao ugonjwa ulikuwa umeshaenea kwingine, ambapo kuondoa wengu hakusaidii kitu. Wagonjwa ambao wengu ndio mahali pekee palipoguswa ni wachache zaidi, na miongoni mwao saratani za ovari na za utumbo mpana hutajwa mara nyingi.

Kwa sababu hiyo swali la kwanza kwa mama si ukubwa wa mpasuo. Ni kama kweli ugonjwa uko kwenye wengu peke yake. Saratani ya ovari hufika hapo kwa njia mbili. Inaweza kupita kwenye damu na kukua ndani ya nyama ya wengu, au inaweza kuelea katika majimaji ya tumbo na kujibandika juu ya ganda la wengu kwa nje. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi, FIGO, liliiweka wazi katika mgawanyo wake wa hatua wa mwaka 2014: ugonjwa ulio juu ya ganda umo katika hatua ya tatu, na ulio ndani ya nyama umo katika hatua ya nne. Hatua ya nne inatisha kwa kuisikia, lakini kwa mpasuaji uvimbe mmoja uliofungiwa ndani ya wengu mara nyingine ni rahisi kuumaliza kuliko mbegu ndogondogo za saratani zilizomwagika kwenye utando wa tumbo. CT haizioni vizuri mbegu zenye upana wa milimita chache. Kamera huziona, na hapa ndipo ninapotofautiana na mjomba wako kwa heshima zote. Mpasuaji wa matundu haondoi kitu kabla ya kulikagua tumbo kwanza: chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, juu ya ini, kwenye nyonga, kwenye utando wa matumbo. Kamera inakuza picha na inafika kwenye pembe za juu kushoto ambako hata mpasuo mrefu humlazimisha daktari kuvuta mbavu ili aone. Akikuta mbegu zimetapakaa, anaweza kusimama hapo, kuchukua kinyama na kufunga, na mama akaamka na vidonda vidogo badala ya kupasuliwa bila faida.

Sasa kuhusu upasuaji wenyewe. Kuondoa wengu kwa matundu kulianza kuripotiwa mwaka 1991 na Bernard Delaitre na mwenzake huko Ufaransa, na leo ndiyo njia ya kawaida kwa magonjwa mengi ya damu. Mgonjwa hupewa nusukaputi, hulazwa ubavu wa kulia ili upande wa kushoto uwe juu, na tumbo hujazwa hewa ya ukaa ili kupata nafasi. Matundu huwa matatu au manne, yenye upana wa milimita 5 hadi 12. Daktari hukata vishikizo vinavyouunganisha wengu na utumbo mpana, na figo, na kiwambo, kisha mishipa mifupi inayotoka kwenye mfuko wa chakula, na mwisho hubana na kukata mishipa mikubwa miwili inayoingia na kutoka kwenye wengu kwa kifaa kinachopiga safu za pini ndogo. Mahali hapo ndipo penye hatari. Kwa watu wengi mkia wa kongosho uko karibu na mlango wa wengu kwa chini ya sentimita moja, na kwa wengine umeugusa kabisa. Ukijeruhiwa, maji ya kongosho huvuja na kuchoma tumbo. Kwa hiyo muulize daktari wenu moja kwa moja ameshaondoa wengu mara ngapi kwa njia hii, na CT inaonyesha mkia wa kongosho la mama uko umbali gani.

Jambo la pili la kuuliza ni jinsi wengu utakavyotolewa nje. Kwa magonjwa ya damu tunauweka wengu kwenye mfuko imara, tunausagasaga humo ndani, tunautoa vipandevipande kupitia tundu dogo. Kwa saratani hilo halifai. Wengu hauna budi kutolewa mzima ndani ya mfuko, bila ganda kupasuka, ili seli zisimwagike tumboni wala kubaki kwenye tundu na kuota hapo, na ili maabara ipate kitu kizima cha kuchunguza. Maana yake ni kwamba tundu moja litapanuliwa, au utafanywa mpasuo mfupi chini ya kitovu. Kaka yako ajue hilo mapema, asije akaona mshono wa sentimita kadhaa akadhani mmedanganywa. Hata hivyo kidonda hicho si sawa na cha 2011, na maumivu ya kupumua baada yake ni madogo zaidi. Kwa mwanamke wa miaka 66 kupumua vizuri siku za kwanza kunamkinga na nimonia.

Nisifiche kwamba ushahidi tulio nao kuhusu matundu kwa saratani iliyosambaa kwenye wengu unatokana na taarifa za mgonjwa mmoja mmoja na za makundi madogo, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni adimu. Mengi tunayoyajua kuhusu faida za njia hii, kama kupoteza damu kidogo na kuruhusiwa mapema, tumeyapata kwa wagonjwa wa magonjwa mengine. Kwa uvimbe mmoja wa sentimita 5 katika wengu wenye ukubwa wa kawaida, mimi ningeanza kwa matundu, mgonjwa akiwa amekubali tangu mwanzo kwamba nikikuta makovu yamegandamana au damu isiyodhibitika nitapasua. Nimewahi kufanya hivyo katikati ya upasuaji, na sijutii.

Kuna sharti moja linalotuhusu sisi watu wa huku kuliko wanaoandika vitabu. Mama alikulia wapi? Jina lako linanifanya nihisi ni Ukerewe, kisiwani katika Ziwa Victoria. Kichocho cha tumbo cha Ziwa kinaweza kuacha makovu kwenye ini, shinikizo la damu likapanda kwenye mshipa mkuu unaoingia ini, na mishipa inayouzunguka wengu ikavimba kama kamba. Katika hali hiyo matundu ni hatari kubwa, na ni vizuri hilo lijulikane kabla ya chumba cha upasuaji. Malaria za muda mrefu nazo hukuza wengu, na ukizidi sentimita 20 ni afadhali daktari aingize mkono mmoja kusaidia, au apasue. Ombeni ultrasaundi inayopima mwendo wa damu kwenye mshipa huo.

---

Mama Kheri, Tanga

Binti, pole sana. Mimi si daktari, lakini ninaishi bila wengu tangu mwaka 2015, nilipogongwa na bodaboda na wengu wangu ukapasuka. Nimesoma maelezo ya daktari kwa makini na ninamshukuru, ila naona hajalifikia jambo ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko upasuaji wenyewe, nalo ni maisha ya baadaye.

Hospitali niliyotibiwa iliokoa maisha yangu, na sitaacha kuishukuru, lakini niliruhusiwa bila mtu yeyote kuniambia kwamba mtu asiye na wengu ana upungufu wa kinga. Miaka miwili baadaye nilipata homa asubuhi, nikameza dawa ya maumivu, nikaendelea na shughuli zangu, na usiku wa siku hiyohiyo nilikuwa sijitambui. Madaktari walisema bakteria wa nimonia wameingia kwenye damu. Nililazwa wiki tatu. Daktari kijana aliyekuwa zamu usiku ule aliona kovu la tumboni, akauliza lilitokana na nini, na kwa sababu ya swali lile ninaandika leo.

Nimejifunza baadaye kwamba chanjo zinatakiwa kuchomwa angalau wiki mbili kabla ya upasuaji uliopangwa, wakati wengu ungali hapo na unaweza kusaidia mwili kujenga kinga. Mimi sikuwa na nafasi hiyo kwa kuwa nilipata ajali. Mama yako anayo, na ningependa asiipoteze. Chanjo zenyewe ni ya bakteria wa nimonia waitwao pneumokoka, ya homa ya uti wa mgongo na ya Haemophilus aina ya b. Watoto wa siku hizi huchomwa baadhi yake kliniki, lakini watu wa umri wetu hatukuzipata. Ile ya uti wa mgongo niliihangaikia sana hadi nikaambiwa ni ileile wanayochomwa mahujaji kabla ya kwenda Makka, nikaipata kwenye kituo wanakochanjwa wasafiri. Anzeni kuzitafuta leo, msingoje tarehe ya upasuaji, kwa sababu hazipatikani kila mahali na baadhi yake mtalazimika kuzilipia.

Kuhusu malaria, kama mama anaishi Kanda ya Ziwa, lichukulieni kwa uzito wa pekee. Daktari wangu alinieleza kuhusu utafiti uliofanyika Malawi kwa watu wazima 33 walioondolewa wengu, ambao ulionyesha kwamba vimelea vya malaria viliwapata mara nyingi zaidi kuliko wenzao wenye wengu. Mimi nikipata joto la mwili silali nalo. Ninakwenda kupima usiku huohuo, na nimepewa vidonge vya antibayotiki vya kukaa navyo nyumbani, nianze kumeza huku nikielekea hospitali. Katika pochi yangu ninabeba karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba sina wengu, pamoja na tarehe za chanjo zangu.

---

Maabara ya Patholojia

Nimefurahi kuona swali hili likijibiwa kwa utulivu. Ninafanya kazi katika maabara inayochunguza vinyama, na nitaongeza machache.

Kwanza, tafuteni sampuli za mwaka 2011. Hospitali nyingi huhifadhi vipande vya nta, ambamo kinyama hugandishwa, kwa muda mrefu kuliko vioo vya darubini vyenyewe na kuliko mafaili. Uvimbe wa seli za granulosa unaweza kufanana na aina nyingine za saratani chini ya darubini, na mwaka 2011 maabara nyingi za kwetu hazikuwa na rangi maalumu za kuutofautisha. Tangu mwaka 2009 imejulikana kwamba karibu uvimbe wote wa aina hii unaowapata watu wazima una badiliko moja lilelile katika jeni iitwayo FOXL2. Kwa hiyo kipande cha zamani kikilinganishwa na wengu utakaotolewa, tutaweza kusema kwa uhakika mkubwa kama ni ugonjwa mmoja au ni mgeni mwingine.

Pili, kama kuna anayependekeza mama achomwe sindano kwenye wengu ili kuchukua kinyama kabla ya upasuaji, ulizeni sababu yake. Kipimo hicho hufanyika, na kwa mgonjwa ambaye hajulikani ana ugonjwa gani kinaweza kuwa na maana. Lakini wengu hutoka damu kwa urahisi na uvimbe wenye majimaji unaweza kuvuja kupitia njia ya sindano. Kwa mtu mwenye historia iliyo wazi kama ya mama, mwenye inhibini B iliyopanda na uvimbe ambao utaondolewa kwa vyovyote vile, sioni tutajifunza nini kitakachobadili mpango.

Tatu ni ombi langu kwa wapasuaji, na binti unaweza kulifikisha kwa wenu. Wengu umejaa damu, nao ukitumbukizwa mzima kwenye formalini kidogo, yaani dawa ya kuhifadhia vinyama, ndani ya chupa iliyobana, katikati yake huoza kabla dawa haijapenya. Tumepokea mawengu ya namna hiyo, na hakuna kitu kinachosikitisha kama kuwa na kiungo cha mtu mezani ukashindwa kumjibu. Uletwe maabara siku hiyohiyo, kwenye chombo kipana chenye formalini ya kutosha, ili sisi wenyewe tuukate vipande vyembamba. Ganda likiwa zima tutaweza pia kueleza kama uvimbe ulikuwa umelifikia kwa ndani au ulikuwa umeshatoboa nje, jambo ambalo daktari wa saratani atalihitaji anapopanga ufuatiliaji.

---

Binti wa Nansio

Asanteni sana, na Mama Kheri shikamoo. Niliyasoma majibu yenu kwa sauti mbele ya mama na ndugu zangu, na jana tulirudi hospitali ya pili tukiwa na maswali tuliyoyaandika kwenye daftari.

Daktari wa Moshi umepatia. Mama amezaliwa na kukulia Ukerewe, amechota maji ziwani tangu utotoni, na anakumbuka kumeza dawa ya kichocho zaidi ya mara moja. Ultrasaundi ya mishipa imefanyika. Wamesema mshipa unaoingia ini una upana wa kawaida, damu inakwenda upande unaotakiwa, hakuna mishipa iliyovimba, na wengu wenyewe una sentimita 12. CT ya kifua nayo ni safi. Mkia wa kongosho, kwa maneno ya daktari, umekaribia sana mlango wa wengu bila kuugusa. Alipoulizwa idadi ya wagonjwa wake hakukasirika. Alitujibu wazi kwamba ameondoa mawengu kwa matundu mara nyingi kwa magonjwa ya damu, lakini kwa saratani iliyosambaa huyu atakuwa wa pili, na kwamba atamwalika mwenzake mwenye uzoefu wa upasuaji wa kongosho awepo. Mjomba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu, kama akiona mambo ni magumu atapasua bila kusita. Akajibiwa ndiyo, na fomu ya idhini imeandikwa hivyo.

Vioo vya 2011 havikuonekana, lakini vipande vya nta vimepatikana, na vimeshapelekwa.

Kuna jambo jipya linalotusumbua. Mtu mmoja ametushauri tumpeleke mama Nairobi kwa kipimo cha PET kabla ya lolote, kwa sababu eti kinaonyesha saratani popote ilipo. Gharama yake pamoja na safari itatulazimu kuuza ng'ombe wawili. Je, tufanye hivyo? Na baada ya upasuaji tuangalie dalili gani nyumbani?

---

Mpasuaji wa Moshi

Huyo ni daktari mnayeweza kumwamini, hasa kwa kuwa amewaambia ukweli kuhusu idadi.

PET hufanya kazi kwa kufuatilia sukari yenye mionzi, ambayo uvimbe unaokua kwa kasi huinyonya kwa wingi. Uvimbe wa seli za granulosa hukua taratibu, na mara nyingine hauinyonyi vya kutosha kuonekana, kwa hiyo picha inaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo. Kama kipimo hicho kingekuwa jirani na kimelipiwa na bima, nisingekipinga. Kuuza ng'ombe wawili kwa ajili yake katika hali ya mama, ningesema hapana. Kamera ikiingia tumboni itawaambia mengi zaidi, na fedha hizo zitahitajika kwa chanjo, kwa usafiri wa kliniki na kwa kipimo cha inhibini B cha mara kwa mara. Ufuatiliaji safari hii hauna mwisho wa miaka mitano.

Namshukuru Mama Kheri kwa kuziba pengo nililoliacha. Niongeze hatari moja ambayo hujitokeza mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani. Wengu ukiondoka, chembe sahani, yaani zile zinazogandisha damu, hupanda sana kwa wiki kadhaa, na damu inaweza kuganda ndani ya kisiki cha mshipa uliokatwa, kisha bonge likasogea hadi mshipa mkuu wa ini. Dalili zake hazina sauti kubwa: homa ndogo, tumbo linalouma bila mpangilio, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula. Watu husema ni kidonda tu kinapona. Zikitokea katika mwezi wa kwanza mrudisheni apimwe mishipa kwa ultrasaundi, kwa maana bonge likijulikana mapema hutibika kwa dawa. Ulizeni pia kama ataendelea na sindano za kuzuia damu kuganda baada ya kuruhusiwa, kwa sababu mwenye saratani yuko katika hatari zaidi kuliko aliyepata ajali. Maumivu ya bega la kushoto siku mbili tatu za mwanzo yasiwatishe sana, kwani mara nyingi hutokana na ile hewa iliyojazwa tumboni. Lakini bega likiuma pamoja na homa, kupumua kwa shida au tumbo kujaa baada ya siku ya tatu, huenda kuna majimaji au usaha umekusanyika pale wengu ulipokuwa, au kongosho linavuja.

---

Binti wa Nansio

Nimekuelewa, daktari. Ng'ombe wamebaki.

Mama amechomwa chanjo ya nimonia na ya Haemophilus Jumanne iliyopita, na ile ya mahujaji tuliipata jana mjini Mwanza. Upasuaji umepangwa wiki tatu kuanzia leo. Chombo cha kubebea wengu nimekitaja kwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, naye amenihakikishia kwamba utapelekwa maabara siku hiyohiyo.

Mama ana swali lake mwenyewe, na amesema nilielekeze kwa Mama Kheri, si kwa madaktari. Anauliza kama ataweza kurudi kwenye mihogo yake.

---

Mama Kheri, Tanga

Marahaba mwanangu. Mwambie dada yangu kwamba mimi, niliyepasuliwa tumbo kutoka juu hadi chini, nilishika jembe tena mwezi wa nne, na kwa matundu huenda yeye akawahi zaidi, ila asibebe kapu wala ndoo mpaka daktari amruhusu. Akienda shambani avae viatu vilivyofunika mguu, na jeraha lolote, hata la mwiba, alisafishe na kuliangalia kila siku. Akiumwa na mbwa aende hospitali siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo, kwa maana kuna bakteria wa mate ya mbwa anayewadhuru zaidi watu kama sisi. Na kama huwa analala kwenye kibanda cha shamba wakati wa mavuno, chandarua kimoja kibaki hukohuko kibandani, kisiwe cha kubebwa kwenda na kurudi, kwa sababu siku moja kitasahauliwa.